Gawio la hisa: Kwa nini asilimia kubwa si habari njema kila mara

Katikati ya mwaka 2025, wakati wakaaji wa Goma walikuwa wakivuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta pesa taslimu, wanahisa wa kundi la Equity huko Nairobi walilipwa gawio la shilingi 4.25 za Kenya kwa kila hisa. Kundi hilo ndilo lenye EquityBCDC, moja ya benki kubwa zaidi za Congo. Matawi ya benki mjini Goma, yake na ya wengine, yalikuwa yamefunga milango tangu mwisho wa Januari, M23 walipouteka mji.

Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Gawio hilo lilitoka katika faida ya mwaka 2024, na faida hiyo ilikuwa ya kundi zima, lenye benki Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania, Sudan Kusini na Congo. Hata hivyo, tofauti kati ya foleni ya Gisenyi na malipo ya Nairobi inawafanya watu wengi waulize: gawio ni nini, nani hulipwa, na ile asilimia inayotajwa kando ya jina la kampuni inapima kitu gani?

Swali hilo si la matajiri peke yao. Mji ukikosa benki, mwenye akiba kidogo hutafuta pengine pa kuiweka, na hapo ndipo ahadi za "asilimia 20 kwa mwezi" hupata wasikilizaji kwenye WhatsApp. Anayejua namna gawio la kampuni ya kweli linavyohesabiwa ana kipimo cha kuzipimia ahadi kama hizo.

Kutoka AVEC hadi soko la hisa

Wanamemba wa AVEC, vile vikundi vya akiba na mikopo vilivyoenea Goma na vijijini Kivu, tayari wanajua nusu ya jambo hili. Kila mkutano, memba hununua hisa. Pesa za sanduku hukopeshwa, mikopo hurudi na riba, na mwisho wa mzunguko watu hugawana kwa kadiri ya hisa za kila mmoja. Mwenye hisa 100 hupata mara mbili ya mwenye hisa 50.

Kampuni yenye hisa hufanya kazi kwa mfano huo, ila kwa tofauti mbili. Ya kwanza, kwenye AVEC memba hurudishiwa akiba yake pamoja na faida yake. Kwenye kampuni, mwenye hisa hupewa sehemu ya faida tu, na hiyo ndiyo inaitwa gawio, au dividende kwa Kifaransa. Mtaji wake hubaki ndani. Akitaka kuutoa, ni lazima apate mtu wa kununua hisa zake, na bei atakayopewa ni ya siku hiyo, iwe juu au chini ya ile aliyonunulia.

Ya pili, kampuni hailazimiki kugawa. Baraza la wakurugenzi hutazama faida na kupendekeza kiasi, kisha mkutano mkuu wa wanahisa hukipitisha. Mwaka mwingine hawagawi kitu. Kwa mwaka 2024, kundi la Equity lilitangaza faida ya shilingi bilioni 48.8 baada ya kodi. Gawio la shilingi 4.25, likizidishwa kwa hisa zake bilioni 3.77, linafikia karibu bilioni 16. Kwa maneno mengine, theluthi moja hivi ya faida ilikwenda kwa wanahisa na sehemu kubwa ikabaki kazini.

Congo haina soko la hisa, lile ambalo Kifaransa huita bourse. Kwa hiyo kampuni nyingi ambazo wakaaji wa Goma wanazilipa kila siku zina wanahisa wao mbali. Hisa za Vodacom, wenye M-Pesa ya Congo, huuzwa Johannesburg. Za Airtel Africa ziko London, na za Orange ziko Paris. Bralima ilikuwa kwa miaka mingi ya Heineken, ambayo hisa zake ziko Amsterdam. Hatua chache ng'ambo ya mpaka, Bralirwa, yenye kiwanda chake cha bia Gisenyi, iliingia kwenye soko la hisa la Kigali mwaka 2011, na hisa moja ikauzwa kwa faranga 136 za Rwanda. Mkaaji wa Goma anayetaka hisa za namna hiyo ni lazima apitie kwa wakala aliyeruhusiwa katika nchi nyingine, afungue akaunti ya hisa huko, na akubali sheria na kodi za huko.

Daftari la miaka kumi

Historia ya magawio ni orodha ya kiasi ambacho kampuni ililipa kwa kila hisa, mwaka kwa mwaka. Ni daftari la mambo yaliyokwisha kutendeka, si ahadi. Lakini husema mengi.

Hisa moja ya Equity ilipata shilingi 1.80 kwa mwaka 2014. Kisha zikaja shilingi 2 kwa kila mwaka, kuanzia 2015 hadi 2018. Kwa mwaka 2019, wakurugenzi walipendekeza shilingi 2.50. Virusi vya corona vikaingia, na mwezi Mei 2020 wakaliondoa pendekezo hilo ili kulinda mtaji. Wanahisa hawakupata kitu. Kwa mwaka 2020 vilevile hawakupata kitu. Gawio lilirudi na shilingi 3 kwa mwaka 2021, kisha shilingi 4 kwa 2022, 4 tena kwa 2023, na 4.25 kwa 2024.

Anayesoma mstari wa mwisho tu ataona kampuni inayopandisha gawio. Anayesoma daftari lote ataona pia miaka miwili mitupu, na kwamba iliingia ghafla baada ya miaka minne ya malipo yasiyobadilika. Ataona jambo lingine tena: katika miaka hiyohiyo ya ukame, kampuni ilikuwa inanunua. Agosti 2020 Equity ilikamilisha ununuzi wa asilimia 66.53 ya BCDC, benki iliyoanzishwa mwaka 1909 enzi ya Wabelgiji, kwa dola milioni 95. Kabla ya hapo, mwaka 2015, ilikuwa imenunua sehemu kubwa ya ProCredit Bank Congo. Benki hizo mbili zikaunganishwa na kuwa EquityBCDC.

Kwa hiyo mwaka bila gawio si lazima uwe mwaka wa kuanguka. Unaweza kuwa mwaka wa hofu, mwaka wa kununua, au mwaka wa hasara. Daftari linaonyesha pengo. Sababu ya pengo ni lazima itafutwe kwingine, katika taarifa ya mwaka ya kampuni.

Hesabu ya asilimia

Baada ya historia inakuja ile namba ambayo watu huiona kwanza: asilimia ya gawio, ambayo wahasibu wa Kifaransa huiita rendement. Hesabu yake ni fupi. Chukua gawio la mwaka mmoja, gawanya kwa bei ya hisa moja, zidisha kwa 100.

Mwishoni mwa mwaka 2022, hisa ya Equity iliuzwa Nairobi kwa karibu shilingi 45. Gawio la mwaka huo lilikuwa shilingi 4. Nne kugawanya kwa 45 inatoa karibu asilimia 8.9. Mwishoni mwa mwaka 2023 bei ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 34, na gawio la mwaka likabaki shilingi 4. Nne kugawanya kwa 34 inatoa karibu asilimia 11.8.

Asilimia ilipanda kwa karibu pointi tatu. Kampuni haikuongeza hata senti moja. Kilichobadilika ni bei tu, na ilibadilika kwa kushuka. Mtu aliyekuwa ameshika hisa tangu mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza karibu shilingi 11 za thamani kwa kila hisa, huku asilimia ikionekana nzuri kuliko zamani.

Hapo ndipo wengi hupotea. Asilimia ya gawio ina sehemu mbili, na zote mbili zinaweza kuisukuma juu. Gawio likiongezeka, asilimia hupanda, na hiyo ni habari njema. Bei ikianguka, asilimia hupanda vilevile, na hiyo inaweza kuwa habari mbaya kabisa. Namba yenyewe haisemi ni ipi kati ya hizo mbili.

Mwenye nyumba ya kupangisha anaweza kulielewa hilo bila soko la hisa. Tuseme nyumba ya Himbi ina thamani ya dola 30,000 na inapangishwa kwa dola 200 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 2,400, yaani asilimia 8. Vita vikikaribia, watu wakianza kuuza haraka, nyumba ileile inaweza kutajiwa dola 15,000. Kwenye karatasi, kodi ya mwaka uliopita sasa ni asilimia 16 ya bei. Lakini mpangaji aliyekuwa akilipa zile dola 200 huenda ameshaondoka mjini. Anayenunua kwa sababu ya asilimia 16 ananunua kodi ya jana.

Pengo la KCB

Jambo hilo lilitokea kweli Nairobi, na kwa benki nyingine yenye mguu Congo. Desemba 2022, kundi la KCB la Kenya lilikamilisha ununuzi wa asilimia 85 ya Trust Merchant Bank, ile ambayo watu wa Kivu huita TMB.

Kwa mwaka 2018 na mwaka 2019, KCB ililipa shilingi 3.50 kwa kila hisa. Kwa 2020 ilishuka hadi shilingi 1, kwa 2021 ikapanda hadi 3, na kwa 2022 ikawa 2. Mwishoni mwa mwaka 2023, hisa yake iliuzwa kwa karibu shilingi 22. Aliyechukua gawio la 2022 na kuligawanya kwa bei hiyo alipata asilimia 9 na kidogo. Ilionekana kama bei nafuu kwa benki kubwa.

Gawio la mwaka 2023 lilipotangazwa, lilikuwa sifuri. Kundi lilikuwa limepata faida, lakini wakurugenzi walichagua kubakiza mtaji. Ile asilimia 9 haikuwa ya uongo. Ilikuwa kweli kuhusu mwaka uliokwisha, na haikusema lolote kuhusu mwaka uliokuwa unakuja.

Upande wa pili wa hadithi ni kwamba malipo yalirudi: shilingi 3 kwa mwaka 2024. Aliyenunua kwa 22 na kungoja alipata, kwa bei yake ya kununulia, zaidi ya asilimia 13. Lakini alipita kwanza katika mwaka mtupu. Mtu aliyekuwa akitegemea pesa hizo kulipa masomo ya watoto asingeweza kungoja.

Bisie, na vita ndani ya hesabu

Kwa Kivu Kaskazini, mfano ulio karibu zaidi uko Walikale. Mgodi wa bati wa Bisie ni wa Alphamin, kampuni ambayo hisa zake huuzwa Toronto na Johannesburg. Katika kampuni inayoendesha mgodi, Alphamin ina asilimia 84.14, shirika la serikali ya Afrika Kusini la maendeleo ya viwanda lina 10.86, na serikali ya Congo ina 5. Mwaka 2024 mgodi ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, na kampuni ilikuwa tayari ina historia ya kulipa gawio.

Tarehe 13 Machi 2025, M23 wakisonga kuelekea Walikale, kampuni ilitangaza kwamba imesimamisha kazi na kuwahamisha wafanyakazi. Bei ya hisa ilianguka vikali. Tarehe 9 Aprili, baada ya wapiganaji kurudi nyuma, ilitangaza kuanza tena kazi hatua kwa hatua.

Katika majuma hayo manne, programu yoyote ya simu inayogawanya gawio la mwaka uliopita kwa bei ya leo ingeonyesha asilimia kubwa kuliko ilivyokuwa mwezi mmoja kabla. Mgodi ulikuwa kimya, malori hayakuwa yanapakia, na namba ilikuwa inapanda. Hesabu ilikuwa sahihi. Aliyeitafsiri kuwa "kampuni inalipa vizuri zaidi sasa" ndiye angekosea.

Kwa mkaaji wa jimbo hili, hilo ni rahisi kuliona, kwa sababu habari za Walikale zilimfikia mapema. Mtu wa mbali anayetazama orodha ya kampuni zenye asilimia kubwa anaweza kununua bila kujua sababu ya bei kuanguka. Na mtu wa Goma hufanya kosa hilohilo anaponunua kitu cha mbali kwa kutazama namba peke yake.

Shilingi, dola na makato

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa Goma, anayehesabu kwa dola, hawezi kuliruka. Gawio hulipwa kwa pesa ya nchi fulani. Mwanzoni mwa mwaka 2022, dola moja ilikuwa karibu shilingi 113 za Kenya. Mwezi Januari 2024 ilifika karibu 160. Baadaye shilingi ikapata nguvu, na kuanzia katikati ya 2024 dola ikakaa karibu na 129.

Shilingi 4 za gawio, kwa kiwango cha 160, ni senti 2.5 za dola. Kwa kiwango cha 129 ni senti 3.1. Mwenye hisa 1,000 angepata dola 25 au dola 31 kwa gawio lilelile, kulingana na siku ya kubadilisha. Asilimia inayoandikwa Nairobi haina habari na hilo.

Kuna pia kodi. Nchi nyingi huikata kwenye gawio kabla halijamfikia mwenyewe, na mara nyingi mgeni hukatwa zaidi ya mkaaji. Kuna ada ya wakala wakati wa kununua na wakati wa kuuza. Na kuna makato ya kutuma pesa, ambayo mji usio na benki unayajua vizuri. Kwa mwenye hisa chache, makato hayo yanaweza kula gawio zima la mwaka mmoja.

Tarehe nazo ni muhimu. Gawio halilipwi siku linapotangazwa. Kampuni hutaja siku ya kufunga daftari la wanahisa. Ambaye jina lake halijaingia kufikia siku hiyo hapati kitu mwaka huo, hata kama amenunua kesho yake. Mara nyingi bei hushuka kidogo baada ya hapo, kwa sababu mnunuzi mpya ananunua hisa ambayo gawio lake limekwisha kwenda kwa mwingine.

Asilimia ya mwaka, asilimia ya mwezi

Wakongomani wana kumbukumbu yao kuhusu faida kubwa za haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Kinshasa, Bindo Promotion na wenzake walikusanya pesa za watu kwa ahadi ya kuzirudisha zikiwa zimezidishwa mara kadhaa baada ya majuma machache. Wa kwanza walilipwa, na habari zao zikavuta wengine. Waliolipwa walikuwa wanalipwa kwa pesa za waliofuata. Mwaka 1991 mambo yaliporomoka na akiba za familia nyingi zikapotea.

Hesabu inasaidia kuona tofauti. Dola 100 zenye asilimia 9 kwa mwaka huleta dola 9 baada ya miezi 12. Dola 100 zenye asilimia 20 kwa mwezi, kama faida haitolewi, zingefika karibu dola 890 katika muda huohuo. Mabenki makubwa mawili ya Kenya, yenye matawi katika nchi nyingi na maelfu ya wakopaji, yamekuwa yakiwapa wanahisa wao shilingi 4 kwenye 45, na miaka mingine sifuri. Anayeahidi kupita hapo mara kadhaa, tena kila mwezi bila pengo, anapaswa kuonyesha kazi inayotoa pesa hiyo.

Ndiyo maana historia ya gawio ina thamani hata kwa mtu ambaye hatanunua hisa maishani. Kampuni iliyo sokoni hulazimika kuchapisha faida yake, gawio lake na miaka yake mitupu. Daftari lenye mapengo, lililokaguliwa na wahasibu wa nje, linaaminika kuliko karatasi inayoonyesha malipo yaleyale kila mwezi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa

Anayeonyeshwa asilimia yoyote, iwe ya hisa, ya kikundi au ya rafiki wa rafiki, anaweza kuanza na maswali haya:

Ni asilimia ya nini? Ya bei ya leo, ya bei niliyonunulia, au ya thamani iliyoandikwa kwenye karatasi?

Ni ya muda gani? Mwaka, mwezi au juma?

Malipo yametoka katika faida ya kazi gani, na faida hiyo ilikuwa kiasi gani? Kampuni inayogawa theluthi ya faida yake ina nafasi ya kuvumilia mwaka mbaya. Inayogawa yote haina.

Katika miaka kumi iliyopita, ni mwaka gani hawakulipa, na kwa nini? Anayejibu kwamba haijawahi kutokea aonyeshe vitabu.

Asilimia imepanda kwa sababu malipo yameongezeka, au kwa sababu bei imeanguka? Kama ni bei, nani anauza, na anajua nini?

Italipwa kwa pesa gani, na baada ya kodi na makato zitabaki ngapi mkononi?

Na la mwisho, ambalo Goma imejifunza kwa uchungu tangu Januari 2025: siku nitakapohitaji mtaji wangu, nitautoa wapi? Faida ya asilimia 9 ambayo mwenyewe hawezi kuifikia ni maandishi tu, hadi siku mlango utakapofunguliwa.